Weupe wa Meno katika Picha za Sura: Rangi, Hesabu na Muda wa Kazi

Katika sehemu nyingi za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro si ajabu kumwona mtu akicheka huku amefunika kinywa kwa kiganja. Meno yake ni mazima, hayana tundu wala hayaumi, lakini yana mabaka ya rangi ya hudhurungi ambayo hakuna mswaki uwezao kuyaondoa. Mtu huyo aendapo studio kupigwa picha ya harusi au ya mahafali, fundi wa picha hukabiliwa na maswali mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza ni kama ayaguse meno hayo au ayaache yalivyo. La pili ni namna ya kuyagusa bila ya kumpa mteja meno ya mtu mwingine, tena kwa muda mfupi, maana picha za harusi moja huweza kufika mia mbili na mteja huzitaka mwishoni mwa juma.

Swali la pili huonekana kuwa la ufundi mtupu. Walakini, anayelichunguza atakuta kwamba ndani yake mna kemia ya jino, fizikia ya mwanga, elimu ya macho na hesabu za uwiano, yote yakiwa katika kiwango cha mwanafunzi wa sekondari. Fundi asiyejua mambo haya hufanya kazi polepole kwa sababu hujaribu na kufuta, hujaribu na kufuta. Anayeyajua huanza mahali panapofaa.

Jino na rangi yake

Sehemu ya jino inayoonekana nje ya ufizi imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito, enameli ni madini kwa kiasi cha asilimia 96 hivi, na madini yenyewe ni haidroksiapataiti, yaani mchanganyiko wa kalsiamu na fosfeti. Chini ya enameli kuna dentini, iliyo laini kidogo na yenye rangi ya manjano. Enameli haizuii mwanga kabisa. Ni kama kioo cha dirisha la bafu, ambacho hupitisha mwanga bila kuonyesha umbo. Kwa hiyo mwanga unaoliangukia jino hupenya enameli, hufika kwenye dentini, na sehemu yake hurudi nje ikiwa imepungukiwa na buluu. Rangi ya jino, basi, ni matokeo ya vitu viwili: weupe wa enameli na umanjano wa dentini unaochungulia nyuma yake.

Jambo hili laeleza mengi ambayo kila mtu ameyaona bila kuyatafakari. Karibu na ufizi enameli ni nyembamba, na hapo jino huwa la manjano zaidi kuliko kwenye ncha. Chonge huwa na manjano iliyokolea kuliko meno mawili ya mbele. Na kadiri mtu anavyozeeka enameli hulika na dentini huongezeka unene, hata meno ya mzee aliyeyatunza vizuri maisha yake yote yakawa na rangi ya pembe ya ndovu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ugonjwa. Fundi anayeyapaka meno yote rangi moja, kutoka ufizi hadi ncha na kutoka jino la mbele hadi gego, hulifuta umbo lenyewe, na kinachobaki ni kipande kimoja cheupe kama kigae cha ukutani.

Madoa ni habari nyingine. Yako yanayotoka nje: chai, kahawa, tumbaku, na katika pwani tambuu. Haya hushika juu ya enameli na daktari wa meno anaweza kuyakwangua. Yako pia yaliyomo ndani ya jino lenyewe, na hapa ndipo inapoingia habari ya floraidi. Miamba na majivu ya volkano katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki yana floraidi nyingi, na maji yapitayo humo huibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Visima na mito mingi kuuzunguka Mlima Meru huzidi kiasi hicho mara kadhaa. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi nayo huongeza kiasi cha floraidi kinachoingia mwilini. Na isidhaniwe kwamba maji mabaya yatatambulika kwa kuyatazama, kwani maji maangavu kabisa huweza kuwa na floraidi tele.

Madhara kwa meno hutokea utotoni tu. Vichwa vya meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu miezi michache baada ya mtoto kuzaliwa hadi karibu umri wa miaka 5. Floraidi ikizidi wakati huo, enameli hutoka ikiwa na vitundu vidogo mno chini ya uso wake. Mwanzoni huonekana mistari na mawaa meupe kama chokaa. Baadaye, jino likishaota, vitundu hivyo hunyonya rangi na kuwa hudhurungi. Katika mji wa Colorado Springs nchini Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alianza kushangazwa na meno ya namna hii mwaka 1901, na ilichukua miaka 30 mpaka mkemia H. V. Churchill alipoonyesha mwaka 1931 kwamba chanzo ni floraidi iliyomo katika maji. Kipimo kinachotumiwa na wachunguzi wengi wa meno kupanga ukali wa madhara hayo, kuanzia 0 hadi 9, kilitolewa mwaka 1978 na Thylstrup na Fejerskov, wataalamu kutoka Denmark, nao walikijenga kwa kuchunguza meno ya watu wa Tanzania.

Kamera huona nini

Wapiga picha wa karne ya 19 walikuwa na tatizo la meno kubwa kuliko la leo. Vioo vyao vya kunasia picha viliitikia mwanga wa buluu na miali isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, lakini havikuitikia manjano wala nyekundu. Jino lililokosa buluu, hata kidogo, lilitoka katika picha likiwa jeusi kuliko lilivyoonekana kwa macho. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba kutia rangi fulani katika dawa ya kioo hukifanya kiitikie rangi nyingine pia, na tangu hapo picha za nyeusi na nyeupe zikaanza kukaribia hukumu ya jicho. Hata hivyo ufundi wa kusahihisha ulikuwa umekwisha kuanza. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855, Franz Hanfstaengl wa München alionyesha picha mbili za mtu yule yule, moja ikiwa imesahihishwa kwenye negativu na nyingine haikuguswa. Kwa kuwa kilicho cheusi katika negativu hutoka cheupe katika karatasi, fundi wa zamani aliyafanya meno kuwa meupe kwa kuyachora kwa penseli. Alilazimika kufanya hivyo jino kwa jino, na penseli ikiteleza hapakuwa na kufuta.

Kamera ya siku hizi huigawa picha katika nukta mamilioni, na kila nukta huandikwa kwa namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nyeupe kamili ni 255, 255, 255. Nyeusi ni 0, 0, 0. Kijivu chochote kina namba tatu zilizo sawa. Namba zikitofautiana, rangi hutokea; na tofauti ikizidi, rangi hukolea.

Chukulia kwamba nukta moja ya jino ina nyekundu 205, kijani 185 na buluu 145. Upungufu uko kwenye buluu, na ndiyo maana jino laonekana la manjano. Fundi mwanagenzi, akiambiwa alifanye jeupe, hushika kitufe cha mwangaza na kuongeza namba zote kwa pamoja, mathalani 30 kila moja. Hupata 235, 215 na 175. Je, manjano imepungua? Tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ilikuwa 60, na bado ni 60. Mkolezo wa rangi, ukipimwa kwa kuigawa tofauti hiyo kwa namba kubwa, ulikuwa asilimia 29. Sasa ni asilimia 26. Jino limekuwa manjano yenye kung'aa. Akiongeza tena, nyekundu hugonga 255 na kukwama huko, mistari midogo ya enameli hupotea, na jino huwaka kama taa.

Njia iliyo sahihi huanza na mkolezo. Jicho la mwanadamu haliupi uzito sawa mwanga wa rangi tatu. Kwa hesabu iliyotumiwa tangu mwanzo wa televisheni za rangi, mwangaza wa nukta hukadiriwa kwa kuchukua nyekundu mara 0.299, kijani mara 0.587, na buluu mara 0.114, kisha kujumlisha. Kwa nukta yetu ya mfano:

205 × 0.299 + 185 × 0.587 + 145 × 0.114 = 186, kwa kukadiria.

Kama mkolezo ungeondolewa wote, nukta ingekuwa 186, 186, 186, yaani kijivu. Meno ya kijivu ni meno ya maiti, na hakuna mteja ayatakaye. Kwa hiyo kila namba isogezwe nusu tu ya njia kuelekea 186. Nyekundu hushuka kutoka 205 hadi 196. Kijani, ambayo ilikuwa 185, hubaki karibu pale pale, 186. Buluu hupanda kutoka 145 hadi 166. Mkolezo umeshuka kutoka asilimia 29 hadi 15, na mwangaza haukubadilika. Baada ya hapo ndipo mwangaza unapoongezwa, tena kidogo, asilimia 5 hivi: 206, 195, 174. Hilo ni jino safi la mtu aliye hai.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini isiongezwe buluu peke yake, maadamu ndiyo iliyopungua. Ajaribu: buluu ikipandishwa hadi 175 na nyingine zikiachwa, nukta huwa 205, 185, 175. Mkolezo umeshuka kwa kiasi kile kile, lakini sasa kijani na buluu zimekaribiana huku nyekundu ikiwa imejitenga juu, na jino limekuwa la waridi kama limejipaka damu ya ufizi. Ndiyo sababu namba zote tatu husogezwa pamoja kuelekea katikati.

Weupe ni jambo la ujirani

Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alichapisha kitabu kuhusu namna rangi mbili zinavyobadilishana sura zikiwekwa jirani. Watu walikuwa wakilalamikia nyuzi nyeusi kwamba zimefifia. Yeye akatambua kwamba rangi ya nyuzi ilikuwa nzuri, na kwamba lililozitia ila ni rangi zilizofumwa kando yake. Kijivu kile kile huonekana cheupe juu ya nyeusi na cheusi juu ya nyeupe.

Kanuni hii ina uzito wa pekee kwa wapiga picha wa Afrika. Jino lenye namba 206, 195, 174 katika uso mweusi laonekana jeupe sana. Jino lile lile katika uso mweupe laonekana la kawaida, pengine la manjano. Vipimo vingi vilivyotayarishwa na watengenezaji wa programu vilikisiwa kwa nyuso nyeupe, kama vile kadi za kupimia rangi katika maabara za picha zilivyokuwa kwa miaka mingi na sura ya mwanamke mweupe peke yake. Fundi wa Dodoma au Mombasa anayevitumia bila kuvipunguza huishia na picha ambayo kitu cha kwanza kuonekana ni meno, na mwenye meno baadaye. Kuna na tatizo lingine: kamera ikijaribu kuung'arisha uso mweusi, huuzidishia mwanga, na meno huwa yamekwisha kufika 255 kabla hata fundi hajayagusa. Nukta iliyofika 255 katika namba zote tatu haina habari yoyote tena ndani yake. Hapana cha kusahihisha. Dawa yake iko wakati wa kupiga, si wakati wa kurekebisha.

Kipimo kizuri na cha haraka kimo usoni pa mteja mwenyewe. Weupe wa macho uko katika mwanga ule ule na karibu na ngozi ile ile. Meno yasizidi weupe wa macho. Mafundi wengi waliobobea hufuata kanuni hii bila ya kujua jina la Chevreul.

Muda unakwenda wapi

Sasa habari ya kuharakisha. Chukulia kwamba fundi hutumia sekunde 180 kwa kila picha: sekunde 20 kuifungua na kuikuza hadi meno yaonekane vizuri, 110 kuyazungushia mpaka ili ngozi na midomo visiguswe, 35 kuchagua kiasi cha mkolezo na mwangaza, na 15 kuihifadhi. Kwa picha 200 hizo ni saa 10 kamili.

Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza jambo ambalo fundi seremala yeyote angelikubali: kuharakisha sehemu moja ya kazi hakuwezi kuleta faida kubwa kuliko muda uliokuwa ukiliwa na sehemu hiyo. Mafundi wengi hutafuta kwanza njia ya kuchagua rangi kwa haraka, wakanunua au kuombana vipimo vilivyo tayari. Hata kama hatua hiyo ingefutwa kabisa, sekunde 180 zingekuwa 145, na kazi ingeharakika mara 1.24 tu. Kinyume chake, kama kuzungushia mpaka kungepunguzwa kutoka sekunde 110 hadi 30, picha moja ingechukua sekunde 100, nayo ni mara 1.8. Vyote viwili vikifanywa, picha moja ni sekunde 65, na picha zote 200 ni saa 3 na dakika 37 hivi. Namba hizi ni za mfano. Kila fundi na ashike saa na kuipima kazi yake mwenyewe. Lakini karibu kila mara atakuta kwamba muda mwingi huliwa na mpaka.

Na mpaka unaweza kuchorwa na fizikia. Ufizi ni mwekundu kwa sababu ya hemoglobini ya damu, ambayo hufyonza sana mwanga wa kijani na kuirudisha nyekundu. Chukulia ufizi wenye nyekundu 165, kijani 95 na buluu 90, na ulinganishwe na jino la mfano wetu. Katika nyekundu tofauti kati ya viwili hivyo ni 40. Katika buluu ni 55. Katika kijani ni 90. Kwa hiyo fundi aitazame picha kwa namba za kijani peke yake: meno yatajitokeza meupe na ufizi, ulimi na midomo vitazama gizani. Akiiamuru programu ichague nukta za kinywani ambazo kijani chake kinazidi 130 au 140, atapata umbo la meno kwa sekunde chache. Umbo hilo huitwa kifuniko, kwa kuwa huifunika picha yote isipokuwa pale panapotakiwa kuguswa. Kingo zake zilainishwe kwa nukta mbili tatu, la sivyo meno yataonekana yamekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Meno ya nyuma, yaliyo ndani ya kivuli, yatakuwa chini ya kiwango hicho na yataachwa nje. Vema, yaachwe. Kivuli ndicho kinachokionyesha kinywa kuwa na kina.

Jambo la pili linalookoa muda ni kuandika marekebisho kama maagizo badala ya kuyachonga ndani ya picha. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ilipata tabaka za marekebisho na uwezo wa kurekodi mfululizo wa hatua mwaka 1996. Programu zinazopatikana bure nazo zinatosha kwa kazi hii: darktable huhifadhi kila badiliko kama agizo linaloweza kunakiliwa kutoka picha moja hadi nyingine, na GIMP ilipata uwezo wa kuchuja picha bila kuiharibu katika toleo la 3.0 la mwaka 2025. Kinachofaa kunakiliwa ni uwiano, yaani "sogeza nusu ya njia, kisha ongeza asilimia 5". Namba zenyewe zisinakiliwe, kwani kila picha ina mwanga wake. Hivyo basi, kabla ya yote, picha zigawanywe kwa mahali na mwanga: za kanisani au msikitini peke yake, za bustanini peke yake, za ukumbini usiku peke yake. Meno huakisi mazingira. Bibi arusi aliyesimama kwenye majani mabichi ana meno yenye ukijani kidogo, na kosa hilo husahihishwa kwanza kwa picha nzima kwa kusawazisha nyeupe. Mara nyingi fundi akishafanya hivyo hukuta kwamba meno hayahitaji tena kuguswa. Hiyo ndiyo kasi iliyo kubwa kuliko zote.

Itakumbukwa pia kwamba picha za kawaida zilizobanwa kwa mtindo wa JPEG huhifadhi mwangaza kwa ukamilifu na rangi kwa uchache. Mara nyingi nukta nne hugawana rangi moja. Buluu ikivutwa sana, vijisanduku vya rangi hujitokeza juu ya meno. Kwa picha muhimu ni heri kufanya kazi kwenye faili ghafi ya kamera.

Mashine zenyewe zimejifunza kukitafuta kinywa. Mwaka 2014 Vahid Kazemi na Josephine Sullivan wa chuo cha KTH cha Stockholm walionyesha njia ya kuweka alama usoni kwa muda wa milisekunde moja hivi, na katika mpango wa alama 68 unaotumiwa sana, alama 20 ni za midomo, na 8 kati ya hizo huzunguka upande wa ndani, mahali meno yanapoonekana. Simu nyingi hung'arisha meno kwa njia za jamaa hiyo, bila hata kuulizwa. Ni kasi ya kustaajabisha. Lakini mashine hupata mahali pa kinywa tu. Haijui kama mwenye kinywa anataka.

Doa la floraidi halitiki

Njia iliyoelezwa hufaa kwa jino lenye manjano iliyoenea. Kwa jino lenye floraidi huleta aibu mpya, kwani mkolezo ukipunguzwa, baka la hudhurungi hugeuka baka la kijivu. Tatizo la baka ni kwamba lina mwangaza mdogo kuliko enameli inayolizunguka, na tofauti hiyo haiondolewi kwa kanuni moja juu ya jino zima. Hulazimu kuliinua baka peke yake hadi lifikie jirani zake, huku mistari midogo ya uso wa jino ikihifadhiwa, ama kunakili kipande cha enameli safi cha jino hilo hilo. Kazi hii haina njia ya mkato. Fundi anayemwahidi mteja wa namna hii bei na muda wa kawaida hujidanganya.

Na hapa ndipo swali la kwanza linaporudi. Mtu mwenye alama hizo amezaliwa mahali fulani na kunywa maji ya mahali hapo. Kwa jamaa zake, sura bila alama ni sura ngeni. Wapo wanaoomba ziondolewe, na wana haki. Wapo waliopewa picha wakakuta mtu mwingine anawatazama. Wanaoamua bila kuuliza huokoa nusu dakika na kumpoteza mteja. Kati ya kufuta na kuacha iko njia ya tatu ambayo wengi huipendelea wakionyeshwa: baka kuinuliwa nusu tu, kama vile mkolezo ulivyosogezwa nusu.

Ziko picha zisizoguswa kamwe. Picha za pasipoti ni mojawapo. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria hutaka sura isiyobadilishwa, na kwa kawaida mdomo ufungwe. Picha za uchunguzi wa meno ni nyingine. Mwanafunzi wa udaktari anayepima ukali wa floraidi katika kijiji kwa kutazama picha, hali simu iliyozipiga imekwisha kuyang'arisha meno kimyakimya, ataandika kwamba maji ya kijiji hicho ni salama, na watoto wataendelea kuyanywa. Kabla ya kupiga picha za namna hiyo hapana budi kuzima urembo wote wa simu, na kuweka kando ya mdomo kadi yenye kijivu kinachojulikana namba zake.

Jaribio la darasani

Mwalimu achukue maganda meupe ya mayai, ayaoshe vizuri na kuondoa utando wa ndani. Nusu yake yalowekwe katika chai kavu iliyokolea kwa siku moja. Nusu yabaki safi. Nusu ya ubao mdogo ifunikwe karatasi nyeusi na nusu nyeupe, kisha kila upande uwekwe ganda moja safi na moja la chai. Ubao wote upigwe picha moja kwa mwanga wa dirishani; isiwe picha mbili, kwa sababu kamera itabadili mwanga kufuata karatasi na kuvuruga vipimo.

Wanafunzi waandike kwanza, kwa macho matupu, ni ganda lipi la chai linaloonekana jeupe zaidi. Ndipo wazisome namba za nukta kumi katika kila ganda kwa kutumia programu, watafute wastani, na kukokotoa mwangaza na mkolezo wa kila moja. Walinganishe hukumu ya macho na hukumu ya namba. Kisha wasogeze namba za ganda la chai robo ya njia, nusu ya njia na robo tatu ya njia kuelekea mwangaza wake, na waseme ni katika hatua ipi ganda linakoma kuonekana kama ganda la yai.

Swali la mwisho ni la wale walio wepesi wa hesabu. Katika mfano wa sekunde 180, mashine ikipunguza kazi ya mpaka hadi sekunde 1, na hatua ya kuchagua rangi ikibaki sekunde 35 kwa sababu kila mteja huulizwa anavyotaka, picha 200 zitachukua muda gani?